Kutafuta Upinde Ufaao: Maarifa ya Mti, Mwili na Mshale katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna upinde wa jadi unavyochaguliwa, kwa kuzingatia eneo la mpaka wa Kenya na Uganda katika Busia na Tororo. Yanaonyesha kuwa ubora wa upinde hautokani na ugumu wake wala sura yake pekee. Unatokana na ulinganifu kati ya mti uliochongwa, mwili wa anayeuvuta, mshale unaorushwa na kazi iliyokusudiwa. Ulinganifu huo hukaa katika maarifa na msamiati wa watu, navyo hupotea mapema kuliko vyombo vyenyewe. Makala yanapitia msamiati wa Kiswahili unaohusu upinde, sifa za mti, kanuni za uvutaji, uhusiano wa upinde na mshale, na sheria zinazogusa matumizi yake. Mwishoni yanapendekeza hatua nne kwa makumbusho, shule, idara za misitu na mamlaka za mpakani.

Maneno ya msingi: upinde, uta, maarifa ya jadi, istilahi, mpaka, urithi usioshikika

1.0 Utangulizi

Anayetafuta upinde wa jadi katika miji ya Busia au Tororo hukabiliwa na swali linaloonekana jepesi: upinde upi unafaa? Majibu ya haraka ni mawili. La kwanza hutazama nguvu, likidai kuwa upinde mgumu kuvutwa ndio bora. La pili hutazama sura, likidai kuwa upinde unaofanana na ule wa picha za kale ndio wa asili. Jibu la kwanza humpa mtu chombo asichoweza kukivuta hadi mwisho. La pili humpa pambo la ukutani ambalo huvunjika siku linapotiwa upote na kuvutwa.

Swali hili haliwahusu wapenzi wa ulengaji pekee. Mhifadhi wa makumbusho huliuliza anapoamua kifaa kipi kiingizwe katika mkusanyiko wa taifa. Mwalimu huliuliza anapotaka wanafunzi wajifunze mchezo wa wazee wao bila kuumia. Ofisa wa forodha huliuliza kwa namna yake anapomwona msafiri akivuka na kifurushi cha fito na mishale: je, hiki ni silaha, ni kazi ya mikono au ni kifaa cha utamaduni? Kila mmoja anahitaji kujua upinde ni nini na hufanya kazi vipi kabla ya kuutolea uamuzi.

Hoja ya makala haya ni kwamba upinde hufaa kwa ulinganifu wake na vitu vinne: mti, mwili, mshale na kazi. Sera inayohifadhi kifaa na kuacha ulinganifu huo hubaki na kuni zilizochongwa vizuri.

2.0 Mahali na Jamii Zake

Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mpaka uliotokana na uhamisho huo ulipita katikati ya makazi ya watu. Leo Iteso wako Tororo upande wa Uganda na Teso Kaskazini na Kusini upande wa Kenya. Wasamia nao wako pande zote mbili. Jopadhola wako Tororo, na Wakhayo wako Busia ya Kenya. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, kimepunguza muda wa kuvuka, lakini hakijabadili ukweli kwamba mstari huu ulichorwa juu ya jamii zilizokuwapo tayari.

Katika eneo dogo namna hii hukutana lugha za matawi matatu. Ateso ni ya Waniloti wa Mashariki, Dhopadhola ni ya Waniloti wa Magharibi, nazo Lusamia na Lukhayo ni za Kibantu. Mila za silaha pia hazikuwa za namna moja. Iteso, kama jamii nyingi zenye asili ya ufugaji, walijulikana zaidi kwa mkuki na ngao, ilhali kaskazini mwao, katika miteremko ya Mlima Elgon, upinde ulishika nafasi kubwa zaidi miongoni mwa Wasabaot. Wasamia walisifika kwa uhunzi: chuma cha vilima vya Samia kilifuliwa kuwa majembe yaliyouzwa mbali na nyumbani.

Mazingira hayo yana funzo la kwanza kwa anayetafuta. Hakuna upinde mmoja unaoweza kuitwa "upinde wa Busia" au "upinde wa Tororo". Anayebandika jina la wilaya au la kabila juu ya kifaa bila kujua nani alikichonga, kwa mti gani na kwa kazi gani, huunda mila mpya huku akidhani anahifadhi ya zamani.

3.0 Uta na Upinde: Ushahidi wa Msamiati

Kiswahili kina majina mawili ya chombo hiki. Upinde linatokana na kitenzi pinda, na hueleza kitendo. Uta, ambalo wingi wake ni mata, ni kongwe zaidi. Neno hilo hilo, au lenye umbo la karibu, linapatikana katika Gĩkũyũ, Kikamba, Chichewa, Kishona na Kibemba, jambo linaloonyesha kuwa wazungumzaji wa Kibantu walikuwa na chombo hiki na jina lake muda mrefu kabla lugha hizo hazijatengana. Katika matumizi ya leo uta limefifia, na vijana wengi hulijua upinde peke yake, hasa kupitia upinde wa mvua.

Sehemu za chombo nazo zina majina. Kamba ya upinde ni upote. Uti wa mshale ni wano. Ncha ya chuma ni chembe au kigumba. Manyoya ya nyuma yanayouongoza mshale huitwa nyoya kwa umoja. Mfuko wa kubebea mishale ni podo au ziaka. Kitendo cha kupiga kwa mshale ni kufuma. Msamiati huu unatosha kuandikia mwongozo mzima wa shule bila kuazima neno hata moja, lakini hautumiki. Matangazo ya mashindano na maelezo ya vifaa katika maonyesho huandikwa mara nyingi kwa Kiingereza, kana kwamba Kiswahili hakijapata kuona mshale.

Hasara hapa inazidi ya lugha. Neno upote likipotea, huanza kutumika kamba, na kamba yoyote huonekana kufaa. Neno wano likipotea, fimbo yoyote iliyonyooka huitwa mshale. Istilahi hubeba viwango vya ubora. Ndiyo maana kukusanya majina ya sehemu hizi katika Ateso, Dhopadhola na Lusamia, sambamba na Kiswahili, ni sehemu ya utafutaji wenyewe.

4.0 Mti

Upinde wa jadi wa Afrika Mashariki kwa kawaida huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti. Unapovutwa, upande unaotazama shabaha, yaani mgongo, hunyooshwa. Upande unaomtazama mvutaji, yaani tumbo, hubanwa. Miti mingi huvumilia kunyooshwa kuliko kubanwa, mara nyingi kwa kiasi cha maradufu au zaidi. Kwa hiyo upinde mzuri hutengenezwa kwa mti ambao nyuzi zake ni ndefu na hazikatiki mgongoni, na ambao tumbo lake halijikunji upesi.

Kutokana na kanuni hii wachongaji hupenda shina jembamba au chipukizi lililonyooka kuliko ubao uliopasuliwa kutoka gogo kubwa. Shina jembamba likimenywa gome huwa na mgongo uliokamilika, kwa sababu nyuzi za chini ya gome hazijakatwa mahali popote. Mchongaji huondoa mbao upande wa tumbo na kuuacha mgongo kama ulivyokua. Ubao wa msumeno, hata uking'arishwa, mara nyingi una nyuzi zilizokatwa mgongoni, na hapo ndipo upinde hupasukia. Upinde wa dukani uliopakwa rangi nene mgongoni hauwezi kukaguliwa. Mnunuzi mwangalifu huuacha.

Miti ya jenasi ya Grewia, ambayo Waswahili huita mkole, hutumika kwa mata katika sehemu nyingi za kanda hii, nayo jenasi ya Dombeya hutumika pia. Mikole ya aina mbalimbali humea katika vichaka na nyika zenye miti. Ina sifa moja muhimu kwa sera: ikikatwa vizuri, kisiki huchipua tena na kutoa fito zilizonyooka. Kwa hiyo mchongaji wa upinde, tofauti na mchoma makaa, anahitaji kisiki kibaki hai. Tatizo la Busia na Tororo ni kwamba vichaka vya namna hiyo vimepungua kwa kilimo, makaa na mashamba ya miwa, na mahali pake pamepandwa mikaratusi. Mkaratusi ni mti mzuri wa nguzo. Kwa anayetafuta fito za mkole, shamba la mikaratusi ni kichaka kilichofungwa.

Wakati wa kukata nao una uzito wake. Eneo hili hupata mvua za misimu miwili, na unyevu wa Ziwa Victoria hauko mbali. Fito iliyokatwa katika ukavu wa Desemba hadi Februari, ikapakwa mafuta au nta kwenye ncha na kukaushwa kivulini polepole, hupasuka kidogo kuliko iliyoanikwa juani. Upinde uliochongwa kwenye mti mbichi huvutika kwa urahisi mwanzoni, lakini hubaki umepinda hata upote ukitolewa, na nguvu yake hupungua siku hadi siku. Mnunuzi huweza kulijaribu hili papo hapo: atoe upote, alaze upinde juu ya meza, kisha atazame ni kiasi gani umeshakubali kupinda.

5.0 Mwili

Kipimo cha pili ni mwili wa anayevuta. Urefu wa mvuto hukadiriwa kwa kugawa upana wa mikono iliyonyooshwa kwa 2.5. Mtu mwenye upana wa sentimita 170 ana mvuto wa takribani sentimita 68. Upinde wa mti mmoja unapaswa kuzidi maradufu ya mvuto huo, hivyo kwa mtu huyu urefu wa sentimita 136 ni kikomo cha chini, na sentimita 150 ni salama zaidi. Upinde mfupi kuliko hapo unaweza kuwa mzuri kwa mtoto, lakini mtu mzima atauvunja.

Nguvu ya mvuto hupimwa kwa kilo. Mizani ya ndoano inayotumiwa sokoni inatosha: upinde hushikiliwa imara, upote hutiwa kwenye ndoano na kuvutwa hadi urefu wa mvuto wa mtumiaji, kisha kilo husomwa. Kipimo kisichotaja urefu wa mvuto hakina maana, kwa sababu upinde uleule huwa mzito zaidi kadiri unavyovutwa mbali. Mtu mzima anayejifunza hufaidika na upinde wa kilo 11 hadi 16. Akianza na mzito kuliko uwezo wake, hujifunza kutetemeka, kuachia upote mapema na kuumiza bega.

Mchongaji hurekebisha nguvu hiyo kwa kupunguza unene. Ugumu wa upinde hufuata unene kwa kipeo cha tatu: tumbo likipunguzwa unene kutoka milimita 20 hadi 18, ugumu wa sehemu hiyo hushuka kwa zaidi ya robo. Ndiyo sababu fundi hukwangua kidogo, huvuta, hutazama kama nusu ya juu na nusu ya chini zinapinda sawa, kisha hukwangua tena. Saa nyingi za kazi hiyo hazionekani kwenye kifaa kilichokamilika, na bei ya soko la watalii haizilipi.

Historia inatoa mfano wa upinde uliolingana na mwili uliofunzwa. Wawata wa nyanda za Tsavo nchini Kenya walivuta mata ya zaidi ya kilo 45 kuwinda tembo, nguvu inayolinganishwa na ile ya pinde za kivita za Kiingereza zilizopatikana katika meli Mary Rose, iliyozama mwaka 1545. Nguvu hiyo ilijengwa tangu utotoni kwa kupanda kutoka upinde mwepesi hadi mzito. Kampeni dhidi ya ujangili ya 1956 na 1957 katika Hifadhi ya Tsavo ilikomesha uwindaji wao. Mradi wa Galana ulioanzishwa mwaka 1960, ambao ulikusudiwa kuwapa nafasi katika uwindaji wa halali, haukudumu. Pinde za Wawata bado zimo katika makumbusho, lakini ngazi ya mafunzo iliyomwezesha mtu kuzivuta haiwezi kuwekwa kabatini.

6.0 Mshale na Upote

Upinde haukamiliki bila mshale wake. Upote unapoachiwa, mshale hausafiri ukiwa umenyooka: wano hupinda, huuzunguka upinde, kisha hunyooka tena njiani. Picha za kasi zilizopigwa katika miaka ya 1930 zilithibitisha jambo hili. Kwa mvutaji wa mkono wa kulia anayelaza mshale upande wa kushoto wa upinde, wano gumu mno huelekea kushoto na wano laini mno huelekea kulia. Mtu anayelaumu upinde kwa kukosa shabaha huenda anapaswa kubadilisha mishale. Makumbusho inayopokea upinde bila mishale yake imepokea nusu ya chombo.

Upote nao una tabia zake. Kano za mnyama zina nguvu, lakini hulegea zikilowa. Nyuzi za katani huvumilia unyevu zaidi, ingawa hukwaruzwa na kukatika mahali pa kutia mshale. Nailoni inapatikana kila duka la mpakani, lakini hunyumbuka na kula sehemu ya nguvu ambayo ingeusukuma mshale. Hakuna dhambi katika kutumia nailoni. Dhambi ni kuonyesha upinde wenye nailoni na kuandika kuwa ni wa karne ya 19.

Kuhusu sumu, sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilitumia utomvu wa msunguti, yaani mti wa jenasi ya Acokanthera. Kemikali yake kuu, uabaini, ilitengwa na mwanakemia Mfaransa Arnaud mwaka 1888, na jina lake limetoka katika Kisomali. Huathiri moyo, na kwa kipimo kidogo iliwahi kutumiwa kama dawa ya moyo. Maarifa haya yanastahili kuandikwa kama sehemu ya historia ya famasia, lakini mishale yenye sumu haina nafasi katika mchezo, shule wala tamasha. Vifaa vya zamani vinavyoingia makumbusho vishikwe kwa glavu hadi vitakapopimwa.

7.0 Kazi na Sheria

Kipimo cha nne ni kazi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Uganda ikafuata mwaka 1979. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 na ile ya Uganda ya 2019 zinaendelea kuadhibu uwindaji haramu. Kwa hiyo upinde wa leo katika Busia na Tororo una kazi tatu halali: kufundishia, kuonyeshea na kuchezea. Mchezo huu una mustakabali; Shehzana Anwar aliiwakilisha Kenya katika ulengaji kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, ingawa kwa upinde wa kisasa.

Hofu ya vyombo vya usalama haipaswi kupuuzwa. Tume ya Waki, katika ripoti yake ya 2008, ilirekodi vifo 1,133 vilivyotokana na ghasia za baada ya uchaguzi nchini Kenya, na mishale ilikuwa miongoni mwa silaha zilizotumika. Sheria ya Utulivu wa Umma ya Kenya inakataza silaha katika mikutano ya hadhara. Familia zilizopoteza jamaa zina haki ya kuuliza kwa nini upinde ufundishwe tena. Jibu linaloweza kutetewa ni kwamba upinde uliosajiliwa, wenye mishale butu na uwanja unaojulikana, unaweza kusimamiwa, ilhali upinde unaofichwa chini ya kitanda hausimamiwi na mtu.

Upande wa utamaduni, Kenya iliridhia Mkataba wa UNESCO wa Urithi Usioshikika mwaka 2007 na Uganda mwaka 2009. Kenya pia ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi ya 2016. Ngoma ya isukuti ya magharibi mwa Kenya iliorodheshwa mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, ishara kwamba kanda hii inaweza kutumia nyenzo hizo. Upande wa biashara, utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu shehena zisizozidi dola 2,000 za bidhaa zilizokubaliwa kuvuka kwa hati nyepesi. Mchongaji wa Tororo anayepeleka pinde kwenye tamasha la Busia anahitaji kujua mapema iwapo kazi yake itapokewa dirishani kama bidhaa ya mikono au itazuiliwa kama silaha.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, istilahi zikusanywe kabla ya vifaa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na wazungumzaji wa Ateso, Dhopadhola na Lusamia, inaweza kuandaa orodha ya sehemu za upinde na hatua za uchongaji. Hatua ya Baraza la Mawaziri la Uganda ya 2022 kuidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi inaipa kazi hiyo wasomaji pande zote za mpaka.

Pili, kila upinde unaoingia makumbusho uandikiwe mambo matano: jina la mti kwa lugha ya mahali na kwa Kilatini, mahali na msimu ulipokatwa, kilo za mvuto pamoja na urefu wa mvuto, mishale na upote wake, na jamii na mchongaji wake kwa idhini yao. Vifaa vya kale visivuliwe nguvu kwa kuvutwa. Vipimwe vipimo vya umbo pekee.

Tatu, idara za misitu na shule zipande mikole kwenye mipaka ya viwanja na kuivuna kwa kuacha visiki. Ua wa shule unatosha kuanzia, na hauhitaji ardhi mpya.

Nne, polisi na forodha za pande mbili zikubaliane mwongozo mfupi unaotofautisha upinde wa maonyesho na mchezo, wenye kibali na mishale isiyo na chembe kali, na upinde wa uwindaji au vurugu. Marufuku ya uwindaji na ya silaha mikutanoni ibaki kama ilivyo.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa upinde ufaao hupatikana kwa kuuliza maswali manne kwa mpangilio: unatoka mti gani na ulikatwaje, utavutwa na nani, utarusha mshale upi, na kwa kazi gani. Maswali hayo yanaweza kuulizwa na mnunuzi sokoni, mwalimu uwanjani au mhifadhi dawatini, na yote yanaweza kujibiwa kwa Kiswahili. Katika Busia na Tororo, ambako mpaka mmoja umezigawa jamii na lugha za matawi matatu hukutana, majibu yake bado yamo mikononi mwa watu wanaojua kukwangua tumbo la upinde bila kuugusa mgongo. Watu hao wakipatikana wakati wangali wanaweza kushika kisu na kufundisha, gharama ya kuyaandika majibu yao itakuwa ndogo kuliko ya kuyabuni upya.